Majibu Yasiyofika Bububu

Walimchorea mstari. Hicho ndicho kilichonipandisha hasira, kabla hata yeye mwenyewe hajasimama kusema neno. Mstari mwekundu ulioneshwa ukutani, katika ukumbi wa hoteli moja ya Mji Mkongwe, ukianzia chini pembeni na kupanda, na kupanda, mpaka ukakaribia dari. Binti aliyekuwa akiendesha shughuli, mwalimu kijana wa chuo, alitueleza kwamba mstari ule ni hesabu ya mara ambazo watafiti wengine ulimwenguni wameandika makala zao na kumtaja Profesa Mbarouk kuwa ndiye chanzo. "Kwa mtu wa biolojia ya uzazi, na tena mtu wa kisiwani kwetu," alisema, "hili si jambo dogo." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, nimevaa baibui langu jipya, na mikono yangu ilibaki mapajani. Nilialikwa kwa sababu binti yule, katika kupekua makaratasi ya zamani, aliliona jina langu kwenye barua moja akauliza kama bado nipo hai. Nipo. Nina miaka sitini na moja, nimestaafu ualimu, na macho yangu bado yanasoma ukutani nikiwa meza ya nyuma. Ndiyo maana lilipotokea jedwali la makala yake ya kwanza, ile waliyosema ndiyo iliyozaa nyingine zote, nililitambua kabla binti yule hajalitaja. Namba za watu upande mmoja, na mbele ya kila namba miezi yake. Zile hesabu niliziandika mimi. Zile sufuri nilizitafuta mimi, jicho moja kwenye hadubini na jingine nimelifumba.

Baada ya hotuba tulipewa juisi ya ukwaju na katlesi, na Profesa akapita meza kwa meza akishikana mikono na watu. Amezeeka vizuri. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. "Raya!" alisema. "Jamani, Raya! Huyu ndiye fundi wangu wa mwanzo kabisa." Nikasema shikamoo, na nikauchukia mdomo wangu kwa kuitoa upesi namna ile. "Marahaba, marahaba. Upo?" Nikamwambia nipo, kisha nikamuuliza kama anamkumbuka Vuai. "Vuai gani?" Vuai wa Bububu, nikasema, seremala. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniwekea mkono begani. "Raya, mwanangu, sisi tulikuwa hatutumii majina. Namba tu. Ndiyo uadilifu wa utafiti wenyewe." Mpiga picha akamwita, akageuka, akatabasamu. Nikatoka nje na katlesi yangu nimeifumbata mkononi mpaka imekuwa unga, nikatembea kwa miguu kutoka Forodhani hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikizungumza peke yangu. Tangu siku ile sijalala vizuri. Basi nimekaa kuuandika mwaka ule, na sitaukwepa upande wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka kumaliza mafunzo ya maabara, nimepanga chumba kwa Bi. Shemsa katika majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne. Bi. Shemsa alikuwa muuguzi, mjane, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa, na yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwa Dokta Mbarouk, kwa maana wakati ule alikuwa bado dokta tu. Chumba changu kilikuwa na dirisha linalotazama kamba za nguo za watu wengine. Ukumbini kulikuwa na meza ya kulia iliyofunikwa plastiki yenye maua, na pale ndipo tulipokula: muhogo wa nazi na papa siku za kawaida, mkate wa kumimina Ijumaa, na bilauri za chai ya tangawizi wakati wowote Bi. Shemsa alipokuwa na jambo la kufikiri. Pale mezani ndipo nilipofundishwa kazi yetu isemwe vipi mbele ya watu. "Usiseme manii," aliniambia. "Sema amana. 'Umeleta amana, bibi?' Atakufahamu."

Dokta alikuwa ametoka masomoni Ulaya, kijana, mkali wa kazi, na alikuwa na swali moja: kwa nini wanandoa fulani wa kisiwani hawapati watoto, na lawama kiasi gani ni ya mwanamume. Sitaki kusema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ingawa hasira zangu zingependa hivyo. Wakati ule kila mahali, mtoto asipopatikana, aliyepelekwa kwa mganga ni mke. Yeye alikuwa wa kwanza niliyemsikia akisema kwa sauti kwamba mume naye apimwe. Aliandikisha wanandoa wa Bububu na vijiji vya jirani ambao walikwisha kukaa miaka miwili na zaidi bila ya mtoto. Wake walipimwa mwanzoni. Waume walitakiwa kupimwa kila mwezi, mwaka mzima. Hapo ndipo palipokuwa na uzito, kwa sababu hakuna mwanamume wa Bububu ambaye angekwenda kujifungia chumbani spitali na kikopo. Dokta akaenda kumuuliza shekhe, akajibiwa kwamba mume na mkewe ndani ya nyumba yao hapana ubaya. Basi wake wakapewa mipira maalumu isiyotiwa dawa, na wao ndio waliotuletea, asubuhi, kichupa kimefungwa kitambaa na kubanwa kwapani kisipoe, kwa haraka, maana baada ya saa moja kilichokuwa hai ndani yake huanza kufa.

Tulifanyia kazi chumba cha nyuma cha kituo kidogo cha afya kando ya barabara. Zamani kilikuwa stoo ya dawa. Kulikuwa na meza iliyowekewa kipande cha marumaru isitikisike, hadubini iliyofunikwa kanga kuukuu ya Bi. Shemsa, friji lililokuwa likinguruma kama lina kikohozi, na kabati la chuma lenye kufuli ambamo liliwekwa daftari kubwa la majibu. Ukuta uliotutenga na benchi la wanawake haukufika juu. Walikaa pale wakingoja vichupa vyao virudi, na kila walilosema nililisikia huku nikihesabu. "Mie mama mkwe hataki hata nimpakulie chakula. Ati mkono wangu una nuksi." "Mie nimenyweshwa mizizi mpaka nimetapika nyongo." "Mwenzangu, mie kaniambia mwaka huu ukimalizika anaoa." Walicheka pia, walicheka sana, kwa sababu walikuwa wanawake tupu na shida yao ilikuwa moja. Mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa na jibu la mume wa kila mmoja wao, limo chini ya jicho langu linaogelea, au haliogelei.

Mize alikuwa mke wa Vuai. Alikuwa umri wangu, mwembamba, mwepesi wa maneno, na alikuwa akichoma mikate ya ufuta ya kuuza. Vuai alikuwa seremala wa vitanda, asili yake Tumbatu, mtu mrefu mwenye aibu, ambaye siku ya kuandikishwa alizungumza na Dokta huku akitazama mlango. Waliishi karibu sana na kituo, kwa hiyo kichupa cha Mize kilifika siku zote bado kina moto wa mwili wake. Aliponikabidhi alinipa pia kipande cha mkate kilichofungwa gazeti, nami nikala kabla ya kuosha mikono au baada ya kuosha mara mbili, kutegemea nani ananitazama. Yeye mwenyewe alipimwa akaonekana mzima hana kasoro. Hilo hakuambiwa.

Mwezi wa kwanza niliweka tone la Vuai kwenye kioo nikatazama, nikadhani nimekosea. Hapakuwa na kitu. Nikatengeneza kioo cha pili, na cha tatu. Uwanja mweupe, mtupu, kama sahani iliyooshwa. Nikamwita Dokta. Akatazama kwa muda mrefu, akasema tungoje mwezi wa pili. Mwezi wa pili ukawa vilevile. Mwezi wa tatu akainua kichwa kutoka kwenye hadubini akaniambia, "Andika sufuri. Huyu bwana hana mbegu hata moja, na hatakuwa nayo." Alisema kwa furaha, na nisimsingizie, haikuwa furaha ya ubaya, ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta. Nikauliza tutawaambia lini. "Mwisho wa mwaka," akasema. "Kila mtu atapata barua yake."

Sababu yake niliisikia mwezi wa tano. Mimi nilikuwa ndani naosha vioo, yeye na Bi. Shemsa wamesimama uani chini ya dirisha. Bi. Shemsa alimwambia kwa sauti yake ile ya chini, "Dokta, hawa watoto wa watu wanakunywa dawa za miti zitawaua. Wale ambao waume zao tumeshajua, kwa nini tusiwaambie hao waume kwa siri, mmoja mmoja?" Dokta akajibu, "Bi. Shemsa, mwanamume wa hapa ukimwambia hana mbegu, harudi tena. Na mkewe harudi. Jedwali langu litakuwa na matundu, na jedwali lenye matundu halichapishwi popote." Akashusha sauti. "Ni miezi saba tu," akasema. "Wameshangoja miaka."  Jioni ile Bi. Shemsa alipika mchuzi wa pweza, akapakua sahani yangu, hakupakua yake. Akakaa na bilauri ya chai mpaka ikapoa. Nilipofungua mdomo akanyanyua kiganja. "Raya, mie nshasema nilichoweza kusema. Kula." Kwa miaka mingi nilimchukia kwa usiku ule, mpaka nilipozeeka nikafahamu kwamba yeye angalau alisema.

Mwezi wa nane Mize alikuja siku yake ya kawaida bila ya kichupa. Alikaa benchi peke yake, kanga ya kichwani imeshuka mpaka machoni. Nikatoka. "Leo sikuleta amana," akasema. "Nimeachwa." Talaka moja, juzi, mbele ya mama mkwe na mashahidi wawili, na maneno yaliyotumika ni kwamba tumbo lake halishiki. Alikuwa amekuja kutuarifu kwa sababu aliona ni adabu kutuarifu. Tusije tukamngoja bure. Nikaingia ndani kumwambia Dokta. Alikuwa na daftari mbele yake. Akalipiga kiganja. "Astaghfirullah! Miezi minne imebaki! Angesubiri miezi minne tu!" Kisha akachukua rula, akapiga mstari kwenye safu ya Vuai, akaandika mwishoni: *ametoka*. Hakutoka nje kumpa pole. Ukuta, kama nilivyosema, haukufika juu.

Nilimfuata Mize barabarani. Nilimkuta ameshafika kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, nikamshika mkono nikamvuta upenuni mwa nyumba moja iliyofungwa, nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba yeye ni mzima, amepimwa na hana kasoro. Nilimwambia Vuai hana mbegu, hakuwa nazo tangu kichupa cha kwanza, na hatakuwa nazo kwa mwanamke yeyote. Nilidhani atalia. Aliniangalia tu, kisha akauinua mkono wake wa kushoto akalitazama kwapa lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Miezi saba," akasema. "Miezi saba nimekuja mbio na kitu hiki kisipoe. Nimebeba jibu langu mwenyewe, mkalichukua, mkanirejeshea kichupa kitupu." Nikamwambia samahani. "Na yeye anajua?" Hajui, nikasema. "Basi wewe usimwambie. Ntamwambia mimi. Nimo edani bado. Akijua kweli anaweza kunirejea, na asiponirejea, basi na aniache kwa kweli, si kwa uongo."

Alimwambia. Siku mbili baadaye Vuai aliingia kituoni bila ya hodi, ana takataka za mbao kwenye nywele za mikono, na mbele ya Dokta, na mimi nimesimama pale na kioo mkononi, akasema kwa shida kila neno: "Dokta, yule mke niliyemwacha anasema mie sina uzazi. Anasema habari imetoka hapa. Kweli si kweli?" Ninaandika sasa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Dokta aliweka kalamu yake, akamvutia kiti, akamwambia kwa sauti tulivu kabisa, "Bwana Vuai, majibu yako bado. Hapana mtu anayeyajua, hata mimi. Mwisho wa mwaka utapata barua." Vuai akaninyooshea kidole. "Na huyu? Mize anasema huyu ndiye aliyemwambia." Dokta akacheka kidogo. "Huyu ni wa kuosha vioo tu. Hana elimu ya kusoma majibu. Si kweli, Raya?" Daftari lilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka niliposimama, na ufunguo ulikuwa kwenye kufuli. Vuai alinitazama mimi. Hakumtazama Dokta, alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Nikatazama chini sakafuni. Akangoja, kisha akasema, "Basi mwongo ni Mize," akatoka.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa wazee wake Mize, watu wanatoka kusali alasiri, akasimama mlangoni akamtukana. Alimwita tasa, akamwita mwongo, akamwita mchawi anayetaka kumkata jina lake asioe tena. Mtaa mzima ulisikia. Baba yake Mize, mtu wa safu ya mbele msikitini, alisali nyumbani wiki tatu kwa aibu. Na mimi nilifukuzwa siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Dokta hakuwa na haja ya kuniuliza kama ni kweli nilisema. "Umeivunja siri ya mgonjwa," aliniambia. Nikamjibu kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa hapa sasa hivi anaiomba siri yake, ukamnyima. Hilo nililisema vizuri sana, kwa sauti, tukiwa tumebaki wawili tu na Vuai ameshafika mbali. Alikuwa ameniahidi kuliweka jina langu kwenye makala, la tatu, baada ya lake na la mwalimu wake wa Ulaya. Akanikumbusha ahadi ile ili anionyeshe nilichokipoteza.

Mwaka ulipokwisha alipakia daftari na masanduku akarudi Ulaya. Barua hazikuja. Hazikuja mwaka ule wala uliofuata. Wanawake wa benchi waliendelea kumuuliza Bi. Shemsa, kisha wakaacha kuuliza. Wapo walioletewa wake wenza, wapo walioachwa, na mmoja alinyweshwa dawa ya mizizi iliyomlaza kitandani mwezi mzima. Makala ilitoka. Niliiona miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafundisha biolojia katika skuli ya wasichana hapa mjini: mgeni mmoja aliyekuja kututembelea aliniletea nakala akidhani atanifurahisha. Niliisoma kwenye chumba cha walimu, somo la mwisho limekwisha. Ilikuwa makala nzuri. Hilo nalo linaniudhi. Ilieleza kwa ushahidi kwamba wanaume wana sehemu kubwa katika ugumba, na kwamba kuwalaumu wake peke yao ni dhulma. Neno hilo, dhulma, lilikuwemo, kwa Kiingereza chake. Na watu wa nchi ambazo mimi sizijui hata bendera wamelisoma, wakalinukuu, wakanukuliwa na wengine, mstari ukapanda. Jedwali halikuwa na matundu mengi. Kwenye shukrani waliandika kwamba wanamshukuru fundi wa maabara.

Wiki moja baada ya sherehe ile ya hotelini nilikwenda Bububu. Sikuwa na haja ya kuuliza sana. Mzee Vuai yupo nyumba ileile. Nilimkuta barazani anapiga randa ubao, mikono yake inatetemeka kidogo lakini ubao unatoka sawasawa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Nikamtajia jina langu. Aliacha kupiga randa. Baada ya Mize alioa mara tatu, na mara tatu akaacha, na wanawake wote watatu waliondoka Bububu na jina la tasa, lilelile aliloondoka nalo Mize. Nikamwambia nimekuja kumletea majibu yake. Nikamwambia.

Akaiweka randa chini. Kisha akasema, "Nlijua. Mize alipojifungua wa kwanza huko alikoolewa, nlijua. Akazaa wa pili, nkajua zaidi. Lakini Dokta kaniambia majibu bado. Nkawa kila nikilala najiambia, majibu bado. Wanawake watatu nimewaoa kwa neno hilo." Akafuta vumbi la mbao kwenye goti. "Dokta alijua lini?"

"Mwezi wa tatu alikuwa na yakini."

"Na mimi nlikwenda mwezi wa nane."

"Naam."

"Na wewe ulikuwepo. Nlikuuliza kwa macho."

"Nilikuwepo."

Nilitarajia anifukuze. Badala yake aliingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia, akafunga mlango. "Nipeleke kwa Mize," akasema.

Mize anaishi Mangapwani. Mume wake wa pili ameshafariki. Ana watoto wanne, wakubwa wote. Nimekuwa nikienda kwake miaka yote hii, kwa arobaini za watoto, kwa harusi, kwa msiba, na katika miaka yote hiyo hakuna siku niliyomwambia kwamba Vuai alipokuja kituoni mimi nilikuwemo chumbani. Yeye alidhani kwamba nilikwisha kufukuzwa kabla. Sikumsahihisha. Tulimkuta uani ana ungo wa mchele mapajani, amezungukwa na kuta za majirani. Alipomwona Vuai hakusimama. Vuai alibaki wima katikati ya ua, kofia mkononi.

"Mize," akasema, "nimekuja kukutaka radhi. Uliniambia kweli."

"Mie nlijua kuwa ni kweli," Mize akajibu. "Hukuwa na haja ya kuja mpaka huku kuniambia."

"Dokta alinidanganya. Na huyu Raya alikuwepo, kasimama na kioo mkononi, hakusema kitu. Lau angesema..." Akakatika hapo. Sidhani alikusudia kunishitaki. Alidhani Mize anajua.

Mize akauweka ungo chini. Akanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa nayo katika nyumba ile. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mize."

"Miaka yote umekuja hapa, umekula hapa, umewabeba wanangu."

"Ndiyo."

"Alipokuuliza, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Nilitaka kumweleza umri wangu wakati ule, na kazi niliyokuwa nikiiogopea, na sauti ya Dokta ilivyokuwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka mingi. Sikutoa hata moja, kwa sababu yule mwanamke aliyekuwa mbele yangu alitukanwa mlangoni kwa baba yake mtaa mzima ukisikia, na mimi nilikuja kwake kula wali.

"Basi sema leo," Mize akasema. "Mie sikutukanwa kwa kunong'onezwa. Simama sema, nawe sema kwa sauti."

Nikamtazama Vuai, maana ilikuwa ni siri yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Akaitikia kwa kichwa. "Iseme," akasema. "Na mimi nataka kuisikia."

Nikasimama. Nikasema kwamba mimi, Raya, nilikuwa fundi wa hadubini Bububu. Kwamba Mize alipimwa akaonekana mzima. Kwamba Vuai hakuwa na mbegu, na hilo tulilijua Dokta na mimi tangu mwanzo wa mwaka, na tulimwacha amwache mkewe, na alipokuja kuuliza tulimdanganya, Dokta kwa mdomo wake na mimi kwa kunyamaza. Sauti yangu ilikuwa sauti ya mwalimu aliyezoea darasa la watoto arobaini. Nyuma ya ukuta mtu aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Vuai alikuwa ameinamisha uso kwenye kofia yake.

Mize hakulia, wala hakuniambia amenisamehe. Aliuchukua ungo wake, akautikisa mara moja, akaokota jiwe dogo kwenye mchele akalitupa.

"Rudia," akasema. "Bi. Tatu wa nyumba ya pili hajasikia."